Shajara ya mradi: Kuijenga upya kampeni ya barua pepe, tukianzia kwenye orodha

Wiki ya kwanza: tulichokikuta

Mradi umeingia mezani ukiwa na ombi moja: tuandikieni mada zitakazowafanya watu wafungue barua. Kampuni inauza programu ya kutengeneza ankara na kufuatilia madeni, wateja wake ni biashara ndogo, na kwa muda mrefu imekuwa ikituma jarida moja la kila mwezi kwa watu wote walioko kwenye hifadhidata. Mauzo yanayotokana na jarida hilo yameshuka hadi mkuu wa mauzo anauliza kama kuna haja ya kuendelea nalo. Wengi ofisini wanaamini maneno yamechuja.

Kabla ya kugusa neno hata moja nimeomba orodha nzima ya wapokeaji pamoja na chanzo cha kila anwani, ripoti za barua zilizorudi, na ruhusa ya kuangalia rekodi za DNS, yaani maelekezo ya hadharani, za kikoa chao (jina la mtandaoni linalokaa baada ya alama ya @ kwenye anwani). Barua inayoangukia kwenye folda ya Taka haina msomaji, hata ikiandikwa na fundi wa lugha. Lazima kwanza tujue zinafika wapi.

Orodha ina vyanzo vitatu. Kuna watu waliofungua akaunti ya programu. Kuna waliojiandikisha ili wapate mwongozo wa kudai madeni. Halafu kuna fungu kubwa la anwani zilizoingizwa kwa mkupuo siku moja, bila tarehe ya kujiandikisha na bila ukurasa zilikotoka. Nilipouliza, nikaambiwa zilinunuliwa kwa muuza takwimu.

Hili fungu la tatu ndilo linalonikosesha raha. Orodha za kununua hubeba anwani za mtego. Baadhi hazijawahi kuwa na mwenyewe: zimewekwa kwenye kurasa za wavuti ili zinaswe na programu zinazokusanya anwani kiholela. Nyingine zilikuwa za watu halisi, zikaachwa, zikafungwa kwa muda huku kila barua ikirudishwa na ujumbe wa hitilafu, kisha zikafufuliwa kama mtego. Hakuna mtu anayejiandikisha kwa anwani ya namna hiyo. Kwa hiyo ukiituma barua huko umejitangaza mwenyewe kwamba ama ulichukua anwani bila ridhaa, ama hujasafisha orodha yako kwa miaka. Mashirika yanayotunza orodha za watumaji wabaya, Spamhaus likiwa mojawapo, hutumia ushahidi wa aina hii, na watoa huduma wengi wa barua huangalia orodha hizo kabla ya kukupokea.

Kishawishi chenyewe ni cha zamani. Mwaka 1978 Gary Thuerk wa kampuni ya kompyuta ya DEC alituma tangazo moja kwa karibu watu 400 waliokuwa kwenye ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, na malalamiko yakafuata papo hapo. Anwani zao alikuwa nazo. Ruhusa yao hakuwa nayo.

Wiki ya pili: kikoa kinajitambulishaje

Nimejiandikisha kwenye jarida lao kama mteja yeyote, nikasubiri toleo lije, kisha nikafungua chanzo cha barua, ile sehemu yenye maandishi ya mashine ambayo msomaji wa kawaida haioni. Mstari wa matokeo ya uthibitisho ulisomeka hivi: spf=pass, dkim=pass, dmarc=fail.

Mtu asiyezoea anaweza kuona mbili zimefaulu kati ya tatu akaridhika. Hapo ndipo penye tatizo lenyewe. SPF inaeleza ni seva zipi zimeruhusiwa kutuma barua kwa niaba ya kikoa. DKIM ni sahihi ya kidijitali inayothibitisha kwamba barua imetoka kwa kikoa kilichoitia sahihi na haikubadilishwa njiani. DMARC inauliza swali la ziada: hicho kikoa kilichofaulu, ndicho kile ambacho msomaji anakiona kwenye jina la mtumaji? Kwa kampuni hii jibu lilikuwa hapana. Huduma wanayotumia kutuma barua ilikuwa inaweka sahihi ya kikoa chake yenyewe, na barua zinazorudi zilielekezwa kwenye kikoa hichohicho cha huduma. Yote yalifaulu kwa jina la mwingine. Machoni pa mpokeaji barua ilidai kutoka kwa kampuni, lakini hakuna kilichoithibitisha.

Tangu Februari 2024, Google na Yahoo zimekaza kamba. Anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda akaunti za Gmail anatakiwa awe na SPF, DKIM na DMARC, na kikoa kinachoonekana kiwiane na angalau kimojawapo cha vile viwili vya kwanza. Microsoft ikafuata kwa barua za Outlook mwaka 2025. Hata kampuni ndogo isiyofika idadi hiyo haina sababu ya kubaki nje, kwani vichujio vinampima kila mtu.

Tumeongeza rekodi za DKIM kwenye DNS, huduma sasa inatia sahihi kwa kikoa cha kampuni, na DMARC tumeiweka kwenye p=none. Hiyo haizuii barua yoyote. Inatuletea ripoti tu, tujue ni nani wengine wanatuma kwa jina hili. Ripoti za mwanzo zimeleta jambo ambalo hakuna aliyelikumbuka: mfumo wa huduma kwa wateja nao hutuma barua kwa kikoa kilekile, na hauna sahihi kabisa. Umeingizwa kwenye foleni ya marekebisho.

Uamuzi mwingine wa wiki hii naupa uzito zaidi. Barua za matangazo zimehamishiwa kwenye kikoa kidogo chake, yaani tawi la kikoa cha kampuni lenye jina lake. Programu hii hutuma ankara za wateja, risiti, na viungo vya kubadili nenosiri. Mpaka sasa vyote vilipita mlango mmoja na jarida. Jarida likichafua jina, ankara ya mteja inaishia kwenye Taka, na mfanyabiashara aliyeitegemea hapati malipo yake. Hasara hiyo ni kubwa kuliko faida yoyote ya tangazo.

Wiki ya tatu: kufuta

Mjadala mkali kuliko yote umekuwa juu ya lile fungu lililonunuliwa. Mkuu wa mauzo aliniambia waziwazi: "Ndugu yangu, wewe unanifutia wateja." Nikamwonyesha hesabu. Google inamtaka mtumaji asifikie kiwango cha malalamiko cha 0.3%, na inashauri kibaki chini ya 0.1%. Kwenye barua 10,000, hao ni watu 30 tu wanaobofya kitufe cha kuripoti taka. Na kiwango kizuri ni chini ya watu 10. Mtu ambaye hajawahi kusikia jina la kampuni hahitaji kukasirika ili abofye kitufe hicho. Anabofya kwa mazoea, kama anavyofunga dirisha la tangazo. Na anapobofya, anayeumia ni yule mteja wa kweli ambaye barua yake itakayofuata haitafika kwenye Kikasha.

Alifikiri, akaomba angalau tuwatumie barua moja ya kuwauliza kama wanataka kuendelea. Nimekataa hilo nalo. Mtego hauulizi maudhui ya barua. Unahesabu kwamba imefika. Fungu lote limefutwa, na yeye mwenyewe ndiye aliyebofya. Namheshimu kwa hilo.

Kilichobaki tumekichambua kwa ripoti za barua zilizorudi. Zenye msimbo unaoanza na 5, kama 550, ni za kudumu: anwani haipo au imekataa. Hizo zinaondoka mara moja. Zenye msimbo unaoanza na 4 ni za muda: sanduku limejaa, au seva ya upande wa pili imesema jaribu baadaye. Hizi tunazipa nafasi, lakini anwani inayorudisha barua toleo baada ya toleo tunaihesabu kuwa imekufa.

Kwa waliojiandikisha wenyewe lakini wakanyamaza, tumetuma barua fupi yenye swali moja: bado unazihitaji barua hizi? Asiyejibu anaondolewa. Hapa kuna jambo linalowapotosha wengi. Ukimya hatukuupima kwa kufungua barua. Tangu Septemba 2021 Apple iliweka kinga ya faragha kwenye programu yake ya barua, ambayo hupakua picha zote kwenye seva zake, pamoja na ile pikseli, kinukta cha picha kisichoonekana kinachohesabu ufunguzi. Barua ambayo haijaguswa inaandikwa kuwa imefunguliwa. Kwa hiyo kipimo chetu cha uhai ni vitendo: aliyebofya, aliyejibu, aliyeingia kwenye akaunti yake, aliyelipa. Aliyekuwa na ripoti nzuri za "kufunguliwa" lakini hana hata kimojawapo cha hivyo, tumemuuliza swali lile kama wengine.

Kitufe cha kujiondoa kimetolewa kwenye maandishi ya kijivu hafifu ya chini kabisa na kuwekwa mahali kinapoonekana. Zaidi ya hapo, kila barua sasa ina kichwa cha kiufundi kinachoiwezesha Gmail kuonyesha neno "Jiondoe" kando ya jina la mtumaji, na ombi linatekelezwa kwa mbofyo mmoja bila kumdai mtu nenosiri. Kanuni za Gmail zinataka ombi litekelezwe ndani ya siku 2. Sheria ya Marekani ya CAN-SPAM ya 2003 inatoa siku 10 za kazi, na kanuni za Ulaya za GDPR, zinazotumika tangu Mei 2018, zinasema kuondoa ridhaa kuwe rahisi kama kuitoa. Kwetu mtu anatoka saa ileile. Anayeondoka kwa amani anaweza kurudi. Aliyefungiwa mlango huripoti taka.

Wiki ya nne na ya tano: barua zenyewe

Sasa ndipo tunafika kwenye maneno.

Jarida la zamani lilikuwa picha moja kubwa. Mpokeaji aliyezuia picha aliona karatasi tupu, na mtu asiyeona anayetumia programu ya kusomewa skrini hakupata chochote. Toleo la majuzi lilikuwa na misimbo mingi kiasi kwamba Gmail ililikata. Gmail hukata barua inayozidi kama kilobaiti 102 na kumtaka msomaji abofye ili aone iliyobaki. Kiungo cha kujiondoa kilikuwa huko chini kwenye sehemu iliyokatwa. Na ule mstari mfupi unaotokea kwenye Kikasha baada ya mada, ambao ni nafasi ya pili ya kumwambia msomaji jambo, ulikuwa unasema: "Kama huoni barua hii vizuri, bofya hapa."

Mada ilikuwa: "Jarida la mwezi: habari, ofa na mengine mengi." Nimeisoma mara nyingi nikitafuta mtu mmoja ambaye inamhusu. Hayupo.

Badala ya kuboresha jarida, tumeanza na barua zinazotumwa kufuatana na alichofanya mtu. Timu ya programu ilitupa orodha ya hatua ambazo wateja hukwama: wanafungua akaunti hawaandiki ankara, wanaandika hawatumi, wanatuma hawafuatilii deni. Kila hatua imepata barua yake, na kila barua inasimama mara tu mtu anapofanya kinachotakiwa. Hii ndiyo iliyotumwa kwa aliyeacha rasimu:

Mada: Ankara yako ya kwanza bado ni rasimu
Mstari unaofuata: Imebaki kiasi na tarehe ya kulipwa.

"Habari. Umefungua akaunti na kuandika jina la mteja wako, ila ankara haijamfikia. Yamebaki mambo mawili: kiasi anachodaiwa, na siku ya mwisho ya kulipa. Ukiacha tarehe wazi, mteja hujipangia mwenyewe. Rasimu yako iko hapa chini, endelea ulipoishia. Ukikwama, jibu barua hii hii, tunasoma."

Kisha kitufe kimoja: Maliza ankara.

Hakuna ofa, hakuna salamu za mkurugenzi, hakuna viungo vya mitandao ya kijamii. Mbunifu aliuliza kama tusiweke angalau picha ya programu. Tumeweka nembo tu, yenye maelezo ya maandishi endapo haitaonekana. Sentensi ya tarehe, "mteja hujipangia mwenyewe", ilitoka kwa dada wa huduma kwa wateja ambaye anaisikia kila siku kwenye simu. Ndiyo sentensi ninayoipenda kuliko zote kwenye mradi huu, kwa sababu inamfaa msomaji hata asipobofya.

Neno "jibu barua hii" lilihitaji kazi. Anwani ya zamani ilikuwa ya kutojibiwa. Kampuni ilikuwa inaomba watu wasikilize huku imeziba masikio. Sasa majibu yanaingia kwenye foleni ya huduma kwa wateja, na kuna mtu wa zamu.

Barua ya kukaribisha nayo imeandikwa upya. Inaondoka papo hapo mtu anapothibitisha anwani yake, maana hapo ndipo bado anakumbuka alichoomba. Inasema atapata nini na mara ngapi, na mwongozo alioahidiwa uko mstari wa kwanza. Zamani aliupata siku iliyofuata, ndani ya barua iliyoanza na historia ya kampuni.

Wiki ya sita: majaribio

Wenzangu walitaka tujaribu mada mbili kila toleo na kuchagua mshindi. Wazo ni zuri kwa mwenye orodha kubwa. Kampeni ya urais ya Barack Obama ya 2012 ilijulikana kwa kujaribu matoleo mengi ya barua moja kabla ya kuwatumia wote, na mojawapo ya mada zilizofanya vizuri sana ilikuwa neno moja tu, "Hey". Lakini orodha yao ilikuwa ya mamilioni.

Nimewawekea hesabu ubaoni. Tuseme kawaida watu 2 kati ya 100 wanabofya, na tunataka kujua kama mada mpya inafikisha 2.4. Kwa viwango vya kawaida vya takwimu, yaani uhakika wa 95% na nafasi ya 80% ya kuiona tofauti kama ipo, tunahitaji kama watu 21,000 kwa kila upande. Orodha yetu iliyosafishwa haifiki karibu na hapo. Tukichagua mshindi kwa watu wachache tutakuwa tunasherehekea bahati, na mwezi ujao bahati itahamia upande wa pili.

Kwa hiyo tunajaribu mambo makubwa yanayoweza kuonekana hata kwa orodha ndogo. Jaribio letu kuu ni hili: sehemu ya wateja wapya, waliochaguliwa kwa bahati nasibu, hawapati zile barua za hatua kabisa. Baadaye tunalinganisha ni wangapi wametuma ankara na ni wangapi wamelipia programu, kwenye kundi lililopata na lisilopata. Wengine wangemaliza ankara bila kukumbushwa, na barua haistahili sifa ya kazi ambayo haikufanya. Mkuu wa mauzo ameona ugumu kuliacha kundi bila barua. Ameniuliza swali zuri: itakuwaje kama hao ndio wangenunua? Nimemjibu kwamba hilo ndilo tunalotaka kulijua.

Mibofyo nayo inahitaji jicho. Wapokeaji wetu wengi wako kwenye barua pepe za kazini, na mifumo ya usalama ya kampuni hufungua viungo vyote ili kuvikagua kabla mtu hajaviona. Tuliona barua ambazo kila kiungo, hata cha kujiondoa, kilibofywa ndani ya sekunde chache baada ya kufika. Huyo si mtu. Ndiyo maana kujiondoa kwa kiungo kilichomo ndani ya barua kunahitaji kitufe cha kuthibitisha kwenye ukurasa, huku kule kwa kando ya jina la mtumaji kukitumia njia ya kiufundi ambayo mifumo hiyo haiigusi kwa kufungua kiungo tu.

Wiki ya nane: hali ilivyo

Malalamiko yanayoonekana kwenye zana ya Google ya watumaji yameshuka na kubaki chini. Barua za hatua zinaleta kazi halisi: ankara zinatumwa baada yake, na tunaziona kwenye mfumo wenyewe bila kutegemea pikseli. Jarida la jumla bado linasuasua hata kwa orodha safi, jambo linalonithibitishia kwamba tatizo lake halikuwa mada peke yake; linazungumza na watu wote kwa pamoja kuhusu kampuni, wakati kila mmoja wao ana ankara yake inayomkosesha usingizi.

Majibu ndiyo yaliyonifurahisha zaidi. Watu wanajibu. Wengine wanauliza namna ya kuandika ankara ya malipo ya awamu, wengine wanaomba programu ikumbushe wadeni kwa niaba yao. Mmoja aliandika kwamba alidhani kampuni ilishafungwa, maana barua zake zote zilikuwa kwenye Taka. Timu ya programu imeanza kusoma foleni hiyo kila Ijumaa.

Yanayofuata

Mfumo wa huduma kwa wateja upate sahihi ya DKIM, kisha DMARC ipande kutoka p=none hadi p=quarantine, inayoagiza barua isiyothibitishwa ipelekwe kwenye Taka. Tukipandisha kabla ya hapo, majibu ya huduma kwa wateja yataishia huko.

Jarida la kila mwezi limesimamishwa hadi tupate sababu ya kulituma. Mkuu wa mauzo amependekeza lije pale tu programu inapopata kitu kipya ambacho kundi fulani la wateja limekiomba, na liende kwa kundi hilo pekee. Tumekubaliana. La kwanza litakuwa la malipo ya awamu, kwa wale walioandika kuuliza.

Kundi lisilopata barua linaendelea kuachwa hadi mzunguko wa malipo wa kwanza ukamilike. Kabla ya hapo hakuna anayeruhusiwa kuangalia matokeo ya katikati na kutangaza ushindi, mimi nikiwemo.